Uzoefu wangu: kusaga upya granito ya nyumba ya zamani, Bukavu

Niliwapa mafundi watatu sebule, korido na baraza, mita 46 za mraba, kwenye nyumba ya mtaa wa Nguba yenye pembe za mviringo, ya enzi ambazo mji uliitwa Costermansville. Siku tisa, dola 12 kwa mita ya mraba. Sebule imenifurahisha sana. Korido ilibidi irudiwe.

Granito (terrazzo) ni sakafu ya vipande vya marumaru vilivyofungwa ndani ya saruji, kwa hiyo ikichakaa husagwa na uso mpya hutokea. Inaniuma kila ninapoona watu wakiifunika kwa karo. Mafundi walianza vizuri: walijaribu nusu mita nyuma ya mlango, kisha wakakwangua nta nyekundu yote. Nta ikibaki huyeyuka kwa joto la diski, huziba chembe za almasi zinazosaga kwenye diski, na mashine inateleza bila kukata.

Walisaga kwa maji, diski namba 60, halafu 120 (namba ikipanda, diski husaga laini zaidi). Hapo vitundu vilijazwa uji wa saruji nyeupe na rangi ya udongo wa manjano, vikafunikwa kwa magunia mabichi siku tatu. Baada ya hapo 120 tena, 220, 400, 800, kila mzunguko ukikatiza ule uliotangulia. Kwenye korido waliruka 220. Mchana huoni kitu. Jua la jioni likiingia kwa chini, mikwaruzo ya duara inajitokeza kama magamba ya samaki. Diski ya 400 haina nguvu ya kufuta alama za 120, ikabidi warudi nyuma.

Kosa la pili: ufa mmoja walijaza kwa saruji ya kijivu. Ulionekana kama kovu. Tulichimbua sentimita mbili, tukaweka saruji nyeupe pamoja na vipande vya marumaru vya milimita 6 hadi 9. Kabla ya kuziba ufa wowote, pitisha ukucha juu yake. Ukikwama kwa sababu upande mmoja umeinuka, huenda ardhi chini inahama, na mji huu wa miteremko unalijua hilo. Ita fundi wa misingi ya nyumba kwanza.

Sehemu ya chini ya ukuta, granito inapopinda kwenda juu, mashine kubwa haifiki. Kazi yote ni ya mkono, elewaneni bei yake mapema. Umeme ukishuka mota inapata joto, basi jenereta iwe tayari. Tope la kusaga likusanywe kwa ndoo. Ukilimwaga kwenye bomba, litaganda humo.

Barazani tuliishia 400, maana mvua inafika pale na mng'aro zaidi ungeleta utelezi. Kuosha ni maji na sabuni laini tu. Ndimu, siki na dawa ya choo yenye asidi hula marumaru: tone moja linatoa povu na kuacha doa lisilong'aa, na doa hilo huondoka kwa kusagwa tena.