Pampu ilikuwa inanguruma, fundi akasema bodi imekufa

Kama ningeyaandika maoni haya jioni ileile fundi alipoondoka nyumbani kwangu, yangekuwa mafupi na yasingefaa kusomwa mbele ya watoto. Nimesubiri majuma kadhaa, mashine ya kufulia imerudi kazini, na bado hasira haijaisha yote. Msomaji anivumilie basi, kwa kuwa sikusudii kuisifu wala kuiponda mashine yenyewe, bali kueleza nilivyohudumiwa ilipoharibika, na jinsi nilivyoishia kubadilisha pampu ya kutolea maji kwa mikono yangu, kazi ambayo sikuwahi kuiota.

Mashine yangu ni ya mlango wa mbele. Siku moja ilisimama katikati ya kufua, mashuka yakiwa ndani yanaelea na mlango umejifunga. Kujifunga huko hakukunishangaza, kwa sababu mlango wa namna hii ukifunguka maji yakiwa yamejaa, chumba kizima hulowa. Kilichonishangaza ni kwamba kila nilipochagua programu ya kutoa maji, chini upande wa kulia ulisikika mngurumo mzito, kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo, kisha kimya, na maji hayakushuka hata kidogo. Nikapiga simu kwa huduma ya mafundi ya wale walioniuzia. Waliahidi kuja kesho, wakaja baada ya siku nyingi, maji yakiwa yameshaanza kunuka.

Kijana aliyetumwa hakushusha hata mfuko wake begani. Alibonyeza vitufe viwili, akasikiliza ule mngurumo, akasema, "Bodi imekufa." Nilimuuliza kwa upole, kama mtu anavyomuuliza mwanawe, "Mwanangu, chujio umeliangalia?" Akanigeukia na kunijibu, "Mama, hapa fundi ni nani, mimi au wewe?" Kisha akaandika kwenye karatasi yake kwamba bodi ya kielektroniki, ile inayoamuru na kupeleka umeme sehemu nyingine za mashine, inahitaji kubadilishwa, akadai malipo ya ukaguzi, akaondoka na kuniachia mashuka yangu yakiogelea.

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyonipeleka chini ya mashine. Nilipokuwa nimelala usiku ule nikiirudia kichwani, nilijiuliza jambo ambalo yeye alipaswa kujiuliza kabla yangu: ikiwa bodi imekufa, ni nani anayeipelekea pampu umeme hata ingurume? Pampu isiyopata umeme hukaa kimya kama jiwe. Inayonguruma bila kusukuma maji imeshapata umeme, ila mara nyingi imekwama au imevunjika ndani. Si elimu ya juu hiyo. Mtu yeyote aliyewahi kuona feni inayonguruma bila kuzunguka angeweza kuifikia akiwa amekaa kitini, na ndiyo maana jibu la kijana yule linaniuma zaidi kuliko kosa lake la kitaalamu.

Kesho yake nilichomoa plagi, nikafunga bomba la maji, nikafungua kijidirisha cha chini kinachoficha chujio. Pembeni yake mna kampira kembamba ka kutolea maji ya dharura, na kwa kampira hako nilijaza na kumwaga beseni mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu. Ndani ya chujio nilikuta kifungo cha shati na kibanio cha nywele. Nilifurahi, nikadhani kazi imekwisha. Nikafunga, nikawasha: mngurumo uleule.

Hapo ndipo nilipomulika kwa tochi kwenye tundu la chujio, baada ya kuchomoa plagi tena, nikasukuma kwa penseli kile kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji. Kigurudumu kizima huzunguka kwa kusitasita, hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake kuna sumaku. Huko kusita si ugonjwa. Changu kilikuwa kinayumba kushoto na kulia na kukwaruza ukuta wa nyumba yake, dalili kwamba mhimili umelika. Ndugu yangu mwenye kipima umeme alipima koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya pampu, akapata omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zisizopungua mia moja wala kuzidi mia mbili, kiwango cha kawaida kwa pampu kama hizi za volti 220 hadi 240. Kwa maneno mengine umeme ulikuwa unapita vizuri na nyaya zilikuwa nzima. Kilichokufa ni chuma na plastiki.

Kuhusu pampu mpya nina mengi mazuri ya kusema, ingawa nitayapunguza baadaye. Si ya kiwanda kilekile kilichotengeneza mashine, lakini nilipoilinganisha na ya zamani, matundu matatu ya skrubu yalikuwa palepale na mdomo wa kuchomeka nyaya mbili ulielekea upande uleule, na mambo hayo mawili ndiyo ya kuangalia kabla ya kununua. Tuliilaza mashine kwa mgongo juu ya blanketi. Tulikwepa kuilaza kwa ubavu wa droo ya sabuni, kwani maji yaliyobaki humo yanaweza kushuka hadi kwenye vifaa vya umeme. Skrubu zilitoka bila shida. Klipu ya chuma inayobana mpira, hiyo sitaisahau: imewekwa mahali ambapo koleo haliingii wala vidole havifiki, na aliyeichora naamini hakuwahi kuombwa kuitoa. Ilitumaliza karibu saa nzima na ngozi ya kidole gumba changu.

Tulipojaribu mara ya kwanza ilivuja, kwa sababu raba ya mviringo ilikuwa imejikunja nilipoibana kwa haraka. Tukaanza upya. Mara ya pili maji yalitoka yote kwa muda mfupi kuliko ninavyosimulia, na nakiri kwamba nilipiga kigelegele peke yangu mbele ya mashine tupu.

Kisha nikaisukuma mashine ukutani, nikaweka nguo, na ikagoma tena. Usiku ule nilimwomba kijana yule msamaha moyoni. Nilijiona mama mjuaji aliyebishana na fundi, nikaanza kuamini kwamba labda bodi kweli ilikuwa mbovu na pampu ilikuwa dalili tu. Asubuhi nilipochungulia nyuma nikaona mpira mkubwa wa kutolea maji umebanwa kati ya mashine na ukuta, umekunjika kama shingo ya kuku. Nikaunyoosha, maji yakaenda. Msamaha wangu nikaurudisha.

Sasa hukumu yangu. Pampu ni nzuri, na kwa mtu mwenye subira, bisibisi na mtu wa kumsaidia kuinua, ningependekeza ajaribu kuibadilisha mwenyewe. Hata hivyo ina kelele kuliko ile ya awali. Inapomaliza maji na kuanza kuvuta hewa hukoroma kama mzee aliyeshiba, na sijui kama nitaizoea. Huduma ya mafundi nilitaka kuiita ya wizi, kisha nikalifuta neno hilo, kwa kuwa mwizi angebadilisha bodi papo hapo na kunidai. Huenda kijana alikuwa amechoka, huenda alikuwa na nyumba nyingine sita za kwenda. Niliendelea kumtetea hivyo hadi siku waliponipigia kuuliza kama niko tayari kulipia bodi mpya. Mashine ilikuwa inafua. Nilimwambia dada aliyepiga asubiri kidogo, nikasogeza simu karibu na kijidirisha cha chini wakati pampu inakoroma. Akauliza hiyo ni sauti ya nini. Nikamjibu kwamba ni ya bodi iliyokufa, kisha nikauliza lini nitarudishiwa malipo ya ukaguzi. Alisema malipo hayo hayarudishwi, kwa sababu ukaguzi ulifanyika.