Vihisi vya upepo wa tairi vya kufunga kwenye valvu: uzoefu wangu

Magari mengi tunayoagiza yametumika Japani, na huko mfumo wa kuangalia upepo wa matairi si lazima kisheria. Langu lilikuja bila ile taa ya njano yenye alama ya mshangao. Nikanunua seti ya kuongezea: vifuniko vinne vyenye vihisi na kioo kidogo cha kukaa kwenye dashibodi, kinachojichaji kwa jua.

Kufunga hakuhitaji fundi. Unakaza kila kifuniko kwenye valvu ya tairi lake, kinapima presha na kuirusha kwa redio hadi kwenye kioo. Kero ni nati ya kuzuia wezi: ukitaka kujaza upepo, sharti utoe spana. Kijana wa upepo mtaani kwetu akiniona anaanza kuguna.

Faida yake niliiona nikitoka Morogoro kwenda Dodoma. Tairi la nyuma kushoto likawa linashuka, psi 32, 30, 28 (psi ni kipimo cha presha), huku mengine yakipanda kwa joto la lami. Gari linatembea vizuri, usukani hauvuti popote. Gairo fundi pancha akamwagia maji ya sabuni, povu likatoka pembeni ya skrubu iliyozama mpaka kichwani. Taa peke yake ingechelewa. Sheria ya Marekani, iliyoshika magari yote madogo mapya kuanzia modeli za 2008, inaitaka iwake upepo ukipungua asilimia 25, yaani tairi la 32 lishuke hadi 24.

Shemeji ana gari lenye mfumo wa kiwandani. Taa yake humweka kama dakika moja kila akiwasha gari, kisha inatulia ikiwa imewaka. Hiyo si dalili ya upepo, ni hitilafu ya mfumo: betri za vihisi zimekwisha, na kwa kuwa zimezibwa humo humo ndani ya rimu, anabadilisha kihisi kizima. Vyangu vina betri ya kidonge, nabadilisha mwenyewe.

Mchana ukiona 36, usipunguze upepo. Fuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva (220 kPa, kipimo kingine cha presha, ni kama psi 32), na upime tairi likiwa limepoa.

Nyota nne. Gundi ya kioo iliachia kwa jua la Dar, na spea haina kihisi, hivyo geji bado iko kwenye buti.