Mipito ya picha kwenye ATEM Mini Pro: uzoefu wangu

Kwa ibada, harusi na semina za kamera tatu au nne, swicha hii ya Blackmagic Design, kifaa cha kuchagua kamera ipi iende hewani, inatosha. Ina viingilio vinne vya HDMI, na kila kimoja kina kibadilisha viwango chake, kwa hiyo kamera ya 1080p25 (fremu 25 kwa sekunde) na laptop ya 1080p60 huingia pamoja bila ugomvi. Ninachopima hapa ni mipito tu, yaani namna picha moja inavyoipisha nyingine, maana laivu nyingi huharibikia hapo.

Anza na mfumo wa vitufe. Ikitoka kwenye boksi iko kwenye cut bus: ukigusa namba ya kamera, picha inakwenda hewani palepale. Lakini kitufe cha AUTO kikiwa kimewaka badala ya CUT (kata kavu), kila namba unayogusa inaanzisha mpito uliochaguliwa. Opereta anataka kukata haraka, kumbe picha inayeyuka polepole kwa sekunde mbili nzima. Fungua ATEM Software Control, programu yake ya kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya jumla, weka Program/Preview. Sasa kamera inawaka kijani kwanza, unaikagua fokasi kwenye multiview (skrini inayoonyesha kamera zote pamoja), ndipo unabonyeza CUT au AUTO.

Muda wa mpito kwenye paneli ni sekunde 0.5, 1.0, 1.5 na 2.0. Kwaya ya taratibu inapendeza kwa miksi (picha moja kuyeyukia nyingine) ya 1.5 au 2.0, mahubiri na mijadala, nusu sekunde au kata kavu. Usipige miksi kati ya kamera mbili zinazomwonyesha mtu yuleyule kwa ukubwa unaokaribiana: kwa muda wote wa mpito anakuwa na vichwa viwili. Ukihitaji muda ambao haupo kwenye vitufe, andika Rate, yaani muda wa mpito, kwenye kompyuta kwa sekunde na fremu. Kwenye 1080p25, 0:08 ni kama theluthi ya sekunde, na ndiyo miksi ninayoipenda kuliko zote. Jicho halioni mpito, linaona tu kwamba picha haikuruka.

DIP, mpito unaopitia rangi au picha ya tatu katikati, watu wanaidharau. Swicha hii haina stinga (mpito wa katuni fupi inayofunika skrini), kwani hifadhi yake ya media ni ya picha mnato tu, 20 kwa jumla. Lakini chanzo cha DIP kinaweza kuwa media player, kichezeshi cha picha hizo: pakia nembo iliyojaza skrini, Rate 1:00, na unapata mpito wenye chapa ya shughuli. Chini ya hapo nembo haisomeki.

Waipu (picha mpya kuifuta ya zamani) ongeza Softness, ulaini wa ukingo, na border, mstari wa ukingo, iache. Zaidi ya hapo sina la kuisifia.

Panapokwaza wengi ni DVE, yaani ile ya kusukuma au kubana picha. Injini yake ni moja tu, na ndiyo hiyohiyo inayotengeneza kapicha kadogo ka pembeni. Kapicha kakiwa kanatumia DVE, mpito wa DVE haupatikani mpaka ukazime. Si ubovu wa mashine. Panga mapema kipi unakihitaji zaidi. Mimi DVE huiachia kapicha, hasa kwenye semina zenye slaidi.

Majina ya wazungumzaji yaweke kwenye DSK (downstream key, tabaka la mwisho la maandishi juu ya picha), si kwenye kii ya kawaida (upstream key). DSK inakaa juu ya mpito, hivyo jina linatulia picha zikibadilika chini yake. PNG yenye uwazi ikionyesha ukingo mweusi kuzunguka herufi, kagua kama Pre Multiplied Key, mpangilio wa namna uwazi wa picha unavyosomwa, imewekwa sawasawa na ulivyoitengeneza picha.

FTB (Fade to Black, kitufe cha kufifisha picha hadi nyeusi) inazima picha, sauti inaendelea, isipokuwa umewasha AFV (sauti kuifuata picha) kwenye masta ya mikisa ya sauti. Bila hiyo, skrini nyeusi inabaki na maongezi ya watu wanaokunja waya. Na FTB ikiwa inamweka nyekundu, usihangaike kubadilisha HDMI: ibonyeze tena, picha itarudi.

Mwisho wa kupanga, File kisha Save Startup State. Umeme ukikatika bila hilo, Rate, DIP na DSK zote zinarudi za kiwandani.