Mwaka Mmoja na Kalenda ya Sikukuu ya Kwenye Simu

Kazi yangu ni kupanga ratiba za watu walio katika nchi mbalimbali, na mwaka uliopita nililipia programu ya simu inayoahidi kumwonyesha mtumiaji sikukuu za kitaifa za nchi yoyote atakayoichagua. Jina lake naliacha, kwa kuwa nyingi za aina hii zinafanana, na kasoro nitakazozitaja si zake peke yake. Baada ya kuitumia mwaka mzima, naona kwamba ni hodari wa kuhesabu siku lakini haimwambii mtu sikukuu ni ya nani, nani anaacha kazi na kwa nini; na katika nchi yenye dini, lugha na jamii nyingi, hayo ndiyo mtu anayohitaji kuyajua kwanza.

Nianze na linalostahili sifa. Tarehe zisizohama haikuzikosea hata moja. Ilijua kwamba Afrika Kusini sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata huwa ya mapumziko, na ilijua jambo ambalo hata mimi sikulijua, kwamba Morisi Wakatoliki hupata Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni mwaka mmoja na Siku ya Watakatifu Wote mwaka unaofuata, kwa zamu. Hapo niliivulia kofia.

Matatizo yalianza nilipobonyeza tarehe nikitaka maelezo. Kwenye tarehe 16 Desemba ya Afrika Kusini kuna kistari cha kijani, na ukikibonyeza unapata maneno mawili tu: sikukuu ya kitaifa. Ndiyo, lakini ya nini? Kwa miongo mingi Makaburu waliiadhimisha siku hiyo kwa kukumbuka nadhiri ya wazee wao na vita vya mwaka 1838 dhidi ya Wazulu. Kisha mwaka 1961 wapigania uhuru wakaichagua tarehe hiyohiyo kulizindua jeshi la Umkhonto we Sizwe. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 1994 ingeweza kuifuta, lakini iliibakiza na kuiita Siku ya Maridhiano, ili pande mbili zilizoikumbuka kwa uchungu tofauti zipumzike pamoja. Mtu aliyepewa maneno yale mawili anaweza kuwatumia wenzake salamu za furaha zilizojaa maua, bila kujua anagusa kidonda.

Sikukuu zinazofuata mwezi ndizo zilizoniudhi zaidi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, na katika nchi nyingi Idd el-Fitr haijulikani kwa yakini mpaka mwezi uandame, kwa hiyo kalenda yoyote iliyochapwa mapema inakisia tu. Programu hii haikisii, inatoa hukumu. Iliweka tarehe moja miezi kadhaa kabla, bila hata neno «takriban» pembeni, na tarehe hiyo ilipopishana na mwandamo, arifa ya «leo ni Idd» ilinifikia kesho yake, watu wamekwisha kuswali na kutembeleana. Neno moja la tahadhari lingetosha, na kwa mtengenezaji ni kazi ya dakika chache.

India nayo imeishinda kabisa. Kwa nchi nzima sikukuu za kitaifa ni tatu tu, yaani tarehe 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba; zilizobaki hutegemea jimbo, na wafanyakazi wa serikali wana orodha nyingine ambayo kila mmoja huchagua siku chache kulingana na imani yake. Programu imezimwaga zote katika rundo moja.

Kwa upande mwingine, inaficha zisizo za kisheria. Singapore ina siku 11, nyingi zikiwa zimegawanywa baina ya Wachina, Waislamu, Wahindu, Wabudha na Wakristo, lakini mwaka 1968 Maulidi na Thaipusam, sikukuu ya Wahindu, ziliondolewa kwenye orodha ili siku za kazi ziongezeke. Waumini wanaendelea kuziadhimisha, ila kwenye skrini hazipo.

Kasoro hiyo ilinitia aibu mwenyewe. Kwenye orodha ya Trinidad na Tobago niliona Idd, Diwali, tarehe 30 Machi ya Wabatisti wa Kiroho, ambao ibada zao zilipigwa marufuku kwa sheria tangu 1917 hadi 1951, na tarehe 30 Mei ya kuwasili kwa Wahindi mwaka 1845. Jumatatu moja ya Februari ilikuwa nyeupe, bila kistari, nami nikaitisha mkutano wa mtandaoni. Nilikaa robo saa nikiitazama picha yangu mwenyewe. Jioni mwenzangu mmoja wa huko akaniandikia kwa upole: «Ndugu yangu, Jumatatu ya Karnivali hapa humpati mtu.» Kisheria ni siku ya kazi, lakini nchi nzima iko barabarani.

Ningependa toleo lijalo liige mantiki ya kalenda ya Morisi. Tarehe 1 Februari huko hukumbukwa kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1835, na tarehe 2 Novemba huadhimishwa kuwasili kwa vibarua wa mkataba, wengi wao kutoka India, kuanzia 1834. Wajukuu wa watumwa wanapumzika katika siku ya wajukuu wa vibarua, na hao nao vivyo hivyo. Hiyo ndiyo tofauti ya sikukuu ya taifa na ruhusa ya mfanyakazi mmojammoja: siku ya jirani yako nawe huna kazi, basi unao wasaa wa kwenda kumpa mkono nyumbani kwake. Kalenda iliyotengenezwa vizuri ingekuonyesha ni mlango gani wa kubisha hodi.

Usajili wangu nimeuhuisha, kwa sababu ya zile tarehe zisizohama. Ila nimeizuia isipange mikutano yenyewe, na kabla sijathibitisha siku yoyote huwaandikia wenzangu swali moja: «Siku hiyo kwenu kuna nini?»