Mtungi wa Udongo wa Lita 20: Tathmini Baada ya Miezi Kumi na Mmoja

Mtungi ninaouzungumzia hapa ni wa udongo uliochomwa, wa lita 20, wenye shingo fupi, kifuniko cha udongo na koki ya plastiki iliyotiwa karibu na kitako. Niliununua mwezi Agosti mwaka jana kando ya barabara ya Bagamoyo, jijini Dar es Salaam, wanapouza miche na vyungu vya maua, kwa shilingi 38,000, na kigoda cha mbao cha kuukalishia kikanigharimu shilingi 12,000 nyingine. Umekuwa ukitumika kila siku katika nyumba yenye watu sita. Majirani wakiuona huniuliza kama una faida yoyote kwa mtu mwenye friji, na kwa kuwa nimejibu swali hilo mara nyingi kwa haraka nikiwa nimesimama mlangoni, naona afadhali nilijibu mara moja kwa utulivu.

Friji tunayo, na ndiyo iliyokuwa chanzo cha shida. Maji ya kunywa yaliyochemshwa yalikaa humo katika chupa nne, na ilikuwa desturi ya kila aliyemaliza chupa kuirudisha ikiwa tupu. Baba mkwe, tunayeishi naye, hanywi maji ya baridi kali kwa sababu humwumiza meno, na mama watoto hayataki anapokuwa na mafua. Matokeo yake ni kwamba sufuria ya lita tano iliyochemshwa asubuhi ilikuwa haimaliziki kwa siku nzima, ilhali kreti ya soda ilikuwa ikirudishwa dukani kila wiki ikiwa na chupa tupu 24. Chupa moja ya kola ya mililita 350 huwa na sukari gramu 37 hivi, yaani kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayopata kwa siku, ambayo kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 50, kwa hiyo soda moja ya mchana na vikombe viwili vya chai ya kwetu vinatosha kuufikia mpaka huo kabla mtu hajagusa kitu kingine.

Lazima nikiri kwamba huu ni mtungi wa pili. Wa kwanza niliupendea uzuri: ulikuwa mwekundu wa kung'aa, wenye michoro ya majani, na muuzaji aliusifu kwamba hauvuji hata tone. Nilikaa nao siku tano nikishangaa kwa nini maji yake yalikuwa na joto lile lile la sebule, hadi bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Pangani, alipokuja kumjulia hali baba mkwe. Baada ya kupokea shikamoo yangu alipitisha kiganja ubavuni mwa mtungi, akakitazama kiganja chake kikavu, akasema, "Mjukuu wangu, hapa umeuziwa pambo. Mtungi usiotoka jasho hauna kazi ya maji." Ulikuwa umepakwa vanishi nje. Muuzaji hakukubali kuurudisha, nami sasa nimepanda mshubiri ndani yake. Tahadhari hii ni ya bei kuliko zote nitakazotaja: kwa maji ya kunywa, usinunue mtungi uliopakwa rangi, vanishi au mng'ao wa aina yoyote, kwanza kwa sababu hautapoza, na pili kwa sababu huwezi kujua ndani ya rangi hiyo kuna nini.

Jasho analolisema bibi ndilo kazi yenyewe ya mtungi. Udongo uliochomwa bila kung'arishwa una vitundu vidogo mno, maji hupenya humo polepole hadi nje, yakigeuka mvuke huondoka na joto, na yale yaliyobaki ndani hupoa. Mtungi wangu hupoteza kama nusu lita kwa siku kwa njia hiyo. Joto linalochukuliwa na nusu lita inayogeuka mvuke, kama lingetoka lote ndani ya mtungi, lingetosha kuzipunguzia lita 20 nyuzi 14 hivi, lakini hewa ya chumbani nayo hurudisha joto muda wote, kwa hiyo mtu asitarajie kiasi hicho. Nimepima mara kadhaa kwa kipimajoto cha jikoni. Alasiri moja ya Februari sebule ilikuwa na nyuzi 31 na maji ya mtungini 27. Katikati ya masika, mwezi Aprili, tofauti ilishuka hadi nyuzi moja tu, 28 kwa 27, kwa sababu hewa iliyoshiba unyevu haina nafasi ya kupokea mvuke zaidi. Mwezi huu wa Julai, upepo wa kusi ukiwa mkavu kidogo, nimepata 27 kwa 23. Kaka yangu anayeishi Dodoma ana mtungi wa ukubwa huu huu, na nilipomtembelea Oktoba nilipima nyuzi 22 wakati chumba chake kilikuwa na 30. Kwa hiyo anayeishi Dodoma, Singida au Shinyanga atafaidi mtungi kuliko mimi wa pwani, na mimi nitafaidi zaidi nikiuweka penye upepo wa dirishani kuliko kwenye kona ya jiko.

Hapo kwenye suala la mahali ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwa nimelinunulia mtungi. Mwanzoni tuliuweka jikoni, na kiasi cha maji yaliyonywewa hakikubadilika hata kidogo. Mwezi wa pili tuliuhamishia kwenye kijia kati ya mlango wa mbele na meza ya chakula, mahali ambapo hakuna anayeweza kuingia, kutoka wala kukaa kula bila kuupita, tukatundika vikombe sita vya bati juu yake, kila mtu na rangi yake. Tangu wakati huo mtungi hujazwa kila baada ya siku mbili, jambo ambalo kwa watu sita ni zaidi ya lita moja na nusu kwa kila mmoja kwa siku, mbali na chai, uji na kile kinachonywewa kazini na shuleni. Sikutoa amri yoyote. Watoto wakirudi shuleni na kiu hukutana na mtungi kabla ya kukutana na friji, na mtu aliyekwisha kunywa kikombe kizima cha maji hana tena hamu kubwa ya soda. Kreti haijafutwa, ila sasa ni ya Jumapili na ya wageni, na humaliza zaidi ya mwezi.

Chakula nacho kimefuata mkondo huo huo. Mke wangu aliweka ungo wa matunda juu ya meza ndogo kando ya mtungi: machungwa, ndizi, matango yaliyooshwa, na tikiti linapokuwa rahisi. Matunda hayo hayo zamani yalikuwa yakioza katika droo ya chini ya friji, huku watoto wakila maandazi ya saa kumi. Sitaki kuyasema vibaya maandazi, ambayo ninayapenda, lakini yalikuwa yakiliwa kwa sababu yalionekana na machungwa hayakuonekana. Na ifahamike kwamba maji hayaingii mwilini kwa kikombe peke yake: tango na mchicha ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, chungwa hukaribia asilimia 87, na hata wali uliopikwa hukaribia asilimia 70. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, inayotaja lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume kwa siku, huyahesabu na haya yaliyomo katika chakula, na kiwango hicho ni cha hali ya hewa ya wastani, si cha fundi anayemwaga zege Kariakoo mwezi Januari. Nyumbani kwetu hatupimi kwa lita bali kwa rangi ya mkojo: ukiwa wa njano iliyoiva, mtu anapelekwa mtungini. Baba mkwe peke yake hayumo katika utaratibu huu, kwa kuwa ana maradhi ya moyo na daktari amempimia kiasi cha maji ya kunywa, hivyo chupa yake hujazwa asubuhi na ikiisha imeisha.

Muuzaji wa mtungi huu wa pili, ambaye vinginevyo alikuwa mwungwana, alinieleza kwamba maji ya mtungini hushusha sukari na presha na kusafisha figo. Maneno hayo nimeyasikia pia kwa wauzaji wengine wawili, na sijaona ushahidi wake. Jambo ambalo lina ushahidi ni kinyume chake: mtungi wa kawaida hauui vijidudu, na maji machafu yakitiwa humo yatabaki machafu, ingawa yatakuwa ya baridi na matamu. Yako machujio ya udongo yaliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo, ambayo udongo wake huchanganywa na pumba au unga wa mbao ili uungue na kuacha vitundu vya kipimo, kisha hupakwa madini ya fedha, lakini hicho ni chombo kingine. Maji yetu ya bomba tunayachemsha hadi yatokote kwa dakika moja kamili, tunayaacha yapoe katika sufuria iliyofunikwa, ndipo tunayamimina. Ili usafi huo usipotee ndani ya mtungi, nilitaka wenye koki. Mtungi wa zamani wa kuchotea kwa kata una haiba yake, lakini nyumba yenye watoto haina kata inayobaki safi, kwani mkono huingia na kikombe kilichokwisha kunywewa hurudi ndani, na katika jiji linalojua kipindupindu hiyo si haiba ya kuendekeza.

Koki yenyewe ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Ile ya kwanza ilianza kuvuja wiki ya tatu, ya pili ilivunjika mkononi mwa mtoto, na hii ya tatu, niliyoinunua shilingi 4,500 kwenye duka la vifaa vya ujenzi pamoja na raba mbili za kuzibia, imekaa miezi saba bila malalamiko. Anayenunua akague unene wa udongo kuzunguka tundu la koki na ahakikishe kwamba raba ziko ndani na nje. Kasoro ya pili ni sakafu. Mtungi unaofanya kazi vizuri hulowesha chini yake, kwa hiyo unahitaji sahani ya kukinga maji, na sahani hiyo isipomwagwa kila siku itazalisha mbu, hasa wale wanaoeneza homa ya dengi iliyolisumbua jiji hili mwaka 2014 na tena 2019. Kasoro ya tatu ni uzito: ukijaa hausogezwi na mtu mmoja, na ukiwa mtupu bado unataka mikono miwili ya mtu mzima.

Usafi wake una taratibu zake. Sabuni haitumiki, kwa sababu udongo huinywa na kuirudisha katika maji kwa siku kadhaa, jambo tulilolithibitisha kwa bahati mbaya mwezi wa kwanza. Kila Jumamosi tunaumwaga, tunausugua ndani kwa kumbi la nazi na maji ya moto, tunausuuza mara mbili na kuuanika juani hadi ukauke. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa bila kuhesabu muda wa jua, na anayefikiria kununua mtungi ajiulize mapema ni nani nyumbani kwake atakayeifanya, kwa kuwa kwangu ilimwangukia mke wangu kimyakimya kwa wiki sita kabla hajaniuliza kama mtungi huo niliununulia yeye. Sasa ni zamu yangu. Baada ya miezi minne ya kutumia kwa kiasi maji ya kisima yenye chumvi, ubavu wa nje uliota utando mweupe wa chumvi na jasho likapungua. Tuliusugua kwa ndimu na maji, vitundu vikafunguka tena, na tangu hapo maji ya kisima hayaingii humo.

Ladha ya udongo ilikuwepo kwa wiki mbili za mwanzo, ingawa tuliuloweka siku tatu na kumwaga maji kila siku kama tulivyoelekezwa. Bibi wa Pangani alitushauri tuufukize ubani kwa kuukalisha kifudifudi juu ya chetezo kabla ya kutia maji, kama walivyofanya kwao. Tulifanya hivyo mara moja. Watoto walisema maji yananuka harusi, nami niliyapenda mno, lakini kura zilinishinda.

Je, ndoo ya plastiki yenye koki na kifuniko, inayopatikana kwa shilingi 15,000, isingefanya kazi hii? Sehemu kubwa ingeifanya. Anayetaka maji safi yaliyo karibu, kwa bei ndogo na bila kazi ya Jumamosi, anunue ndoo, ailete mahali panapoonekana, na asione kwamba amekosa dawa. Nyongeza ya mtungi ni ubaridi wa wastani usioumiza meno, ambao hautegemei umeme wala uniti za Luku, na mvuto ambao ndoo haina: wageni wangu huomba maji wenyewe, na sijawahi kuona mgeni akiomba maji ya ndoo.

Nikinunua mwingine nitaagiza kwa Wakisi wa Ikombe, upande wa Matema katika Ziwa Nyasa, ambao wanawake wao wamefinyanga vyungu vya kuuza vizazi kwa vizazi. Nimeushika mmoja nyumbani kwa rafiki yangu aliyetoka Kyela: ukuta wake ni mwembamba kuliko wa mtungi wangu, ulilia kama kengele nilipougonga kwa kidole, na asubuhi ulikuwa umelowa nje kuanzia begani hadi kitakoni. Hauna koki, na rafiki yangu anasema kuutoboa ukiwa umekwisha kuchomwa ni kuuvunja, hivyo tundu lazima liagizwe kwa mfinyanzi tangu udongo ukiwa mbichi. Nimekwisha kumpa kipimo cha koki yangu aende nacho.