Intaneti kupitia nyaya za umeme au Wi-Fi? Uzoefu wangu katika nyumba ya Mji Mkongwe

Nianze na jibu. Kwa nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe yenye ghorofa mbili au tatu, jozi ya adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme imenipa mtandao ulio thabiti kuliko Wi-Fi iliyoachiwa kupenya kuta peke yake. Lakini si kila nyumba itakubali, na kinachoamua ni nyaya zilizomo ukutani, wala si namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Nilizotumia ni TP-Link TL-PA7017, ambayo ni AV1000, na TL-PA4010 ya daraja la AV600. Nimezilinganisha na raota ya bendi mbili (GHz 2.4 na GHz 5), kwanza ikiwa peke yake, kisha ikisaidiwa na ripita, yaani kifaa cha kupokea Wi-Fi na kuituma mbele.

Kuta kwanza, maana ndizo chanzo cha tabu yote. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi. Upana wa vyumba umefuata urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita tatu, kwa hiyo ukipiga hatua chache tu unakutana na ukuta mwingine. Dari nayo ni boriti, mawe na chokaa. Mawimbi ya GHz 5 hufa kwenye ukuta wa kwanza au wa pili. Ya GHz 2.4 hujikongoja mbele kidogo, na wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi, kwani chokaa hunyonya maji na maji humeza mawimbi. Kwa laini ya Mbps 50, karibu na raota ukumbini chini napata zote. Chumba cha pili nyuma ya ukuta hubaki 10 hadi 15. Ghorofa ya juu ni 2 au 3, tena kwa kukatikakatika. Ripita ya bendi moja haikusaidia sana, kwa sababu inapokea na kutuma kwa mawimbi yale yale na nusu ya kasi inapotea hapo hapo. Isitoshe, ukiiweka mahali inapopokea vibaya, itasambaza huo huo ubaya.

Adapta za umeme hukwepa ukuta kwa kupita ndani yake. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Adapta hupandisha juu yake mawimbi madogo ya kuanzia MHz 2, yakaishia MHz 30 kwa adapta za zamani za kiwango cha HomePlug AV na MHz 86 kwa kiwango kipya zaidi, AV2. Moja inakaa karibu na raota na kuunganishwa nayo kwa kebo ya mtandao, nyingine inakaa chumba cha mbali. Kutoboa ukuta wa nusu mita katika jengo la hifadhi hakuhitajiki, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Sasa namba. AV1000 haina maana kwamba utapata Mbps 1000. Hiyo ni kasi ya juu kabisa kwenye waya, pande zote mbili zikijumlishwa, kabla ya kutoa gharama za usimbaji na marudio ya data iliyoharibika njiani. Juu ya hayo, adapta haiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. TL-PA4010 ina jambo jingine la kujua kabla ya kununua: tundu lake la kebo ni la Mbps 100, kwa hiyo hata nyaya zikiwa mpya kabisa hutavuka kiasi cha 95. Kwa kipimo cha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kati ya laptopu mbili, kutoka ukumbini hadi ghorofa ya pili, AV1000 ilinipa kati ya Mbps 80 na 90, na AV600 ikacheza kwenye 40. Laini ya Mbps 50 hufika juu nzima nzima kwa ile ya kwanza. Kwenye soketi ya upande wa pili wa nyumba, inayotoka kwenye breka nyingine, AV1000 hiyo hiyo ilishuka hadi 25. Nyumba moja, adapta zile zile.

Tofauti hiyo mara nyingi iko kwenye nyaya zenyewe, na pini ya tatu nayo ina lake. Adapta za AV1000 za aina hii hutumia nyaya mbili tu, laini na nyutro; zile za teknolojia ya MIMO, kama AV1200 na AV2000, ndizo zinazotumia pia ethi, yaani waya unaoshuka ardhini. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, na pini ya juu ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, kwa hiyo kila plagi itaingia na kila soketi itaonekana kamili. Ukifungua soketi ya nyumba ya zamani ndipo unapoona: waya mwekundu umefungwa, mweusi umefungwa, na skrubu ya ethi iko tupu, au kuna kipande cha waya wa kijani kilichokatwa kikaachwa kining'inie. Mwite fundi umeme apime. Kati ya laini na nyutro asome kiasi cha volti 230, na kati ya laini na ethi asome karibu hivyo hivyo. Akipata 90 au 110 inayohama hama, ethi hiyo haijafika ardhini. Adapta ya MIMO itafanya kazi kwa nyaya mbili, ila kwa kasi ya chini. La muhimu zaidi ni usalama wa watu: friji au pasi ikivuja umeme kwenye soketi kama hiyo, mwili wako ndio utakaokuwa ethi. Rekebisha hilo hata kama hununui adapta.

Nunua pia adapta yenye plagi ya Kiingereza. Zile za plagi ya Ulaya ya pini mbili za duara huuzwa pia, na watu huzichomeka kwa kibadilishi cha plagi. Vingi vya vibadilishi hivyo havipitishi ethi, na hulegea baada ya muda.

Kinachoua mtandao huu kuliko chochote ni mazoea yetu ya kujilinda na umeme unaopanda na kushuka. Kila kitu tunakichomeka kwenye stabilaiza, kilinda friji, UPS au ekstensheni yenye kinga. Vifaa hivyo vina vichujio ndani, na vichujio hivyo vimeundwa kuzuia hasa aina ya mawimbi ambayo adapta inayatumia. Chomeka adapta ukutani moja kwa moja, kisha hiyo ekstensheni ihamie soketi nyingine. Soketi ikiwa moja tu chumba kizima, na nyumba za kale nyingi ziko hivyo, nunua TL-PA7017P ambayo ina soketi yake mbele, yenye kichujio cha kelele za umeme, yaani mawimbi ya ovyo yanayotoka kwenye vifaa vingine. Ekstensheni ikichomekwa hapo haina madhara.

Baada ya hapo zinakuja kelele. Chaja za simu za bei rahisi ni adui mkubwa, hasa ikiwa ubavuni mwa adapta. Regyuleta ya feni ya kielektroniki, ile ya kuzungusha taratibu bila hatua, hukata umeme vipande vipande na kumwaga kelele kwenye nyaya zote za breka hiyo. Regyuleta ya zamani ya hatua haina tabu kiasi hicho. Baadhi ya balbu za LED nazo zimo. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi hutikisa mtandao inapowaka, na ukiwa kwenye simu ya video utaona picha inaganda kidogo kisha inarudi. Kumpata mkosaji ni rahisi: fungua programu ya tpPLC kwenye laptopu inayotumia betri, angalia kasi kati ya adapta, halafu mtu mwingine achomoe kifaa kimoja kimoja. Namba ikiruka juu ghafla, umempata.

Kufunga kwenyewe hakuna ufundi mkubwa. Chomeka adapta zote mbili chumba kimoja kwanza. Bonyeza kitufe cha Pair kwenye ya kwanza kwa sekunde moja, na kabla ya dakika mbili kwisha bonyeza cha ya pili vivyo hivyo. Taa ya mtandao wa umeme ikiwaka kwenye zote, chomoa ya pili uipeleke juu. Usiruke hatua hii hata kama zimeonana zenyewe toka dukani, kwa sababu ndiyo inayozipa ufunguo wao wa siri. Mawimbi haya hayasimami kwenye mita yako ya umeme ya Tukuza kila mara. Yanaweza kuvuka hadi kwa jirani aliye kwenye fezi moja (waya mmoja wa laini kutoka nguzoni) na wewe, na akiwa na adapta za namna hiyo zenye ufunguo wa kiwandani, mitandao yenu inaweza kuungana.

Chumba cha juu bado kitahitaji Wi-Fi kwa simu. Raota ya zamani inatosha. Ingia kwenye mipangilio yake, uzime DHCP (kazi ya kugawia vifaa anwani), badilisha anwani iwe mfano 192.168.0.2 kama ile kubwa ni 192.168.0.1, kisha kebo ya adapta iingie kwenye tundu la LAN, si la WAN. Kosa la kuingiza kwenye WAN ndilo linalofanya simu za juu zisiione printa ya chini. Jina na neno la siri viwe vile vile kama vya chini, lakini chaneli za GHz 2.4 zitofautiane: chini 1, juu 6 au 11. Ziko pia adapta zenye Wi-Fi ndani, kama TL-WPA4220, ila yake ni ya GHz 2.4 pekee, mimi napendelea raota ya pembeni.

Wenye nyumba za wageni waulize kwanza kama umeme wao ni wa fezi tatu. Chumba kilicho fezi moja na raota ya chini kitapata vizuri, cha fezi nyingine kitapata mabaki au kisipate kabisa. Fundi anaweza kuhamisha soketi moja iwe fezi moja na raota. Banda la uani linalolishwa na waya kutoka nyumba kubwa hufanya kazi vyema. Likiwa na mita yake mwenyewe, jaribu kabla ya kulipa.

Hewa ya chumvi nayo ina sehemu yake. Soketi za upande wa bahari hupata kutu ya kijani kwenye shaba, plagi inalegea, na mtandao unapoteza kasi bila sababu ya kuonekana. Soketi inayopata moto au kutoa cheche ibadilishwe. Adapta yenyewe huwa vuguvugu muda wote, kwa hiyo isifichwe nyuma ya kabati, khasa kaskazi.

Mzee wa nyumba akiwa anasikiliza redio ya masafa mafupi, ataisikia adapta hata kama haioni, kwa sababu zote mbili ziko kwenye masafa yale yale. Iweke redio yake mbali na ukuta na itumie betri.

Kwa fleti za Michenzani, au nyumba ya matofali ya vyumba vitatu kule Chake Chake au Wete, sioni haja ya kitu hiki. Raota nzuri iliyowekwa katikati ya nyumba, juu ya kabati na mbali na friji, inatosha.

Na umeme ukikatika? Hapa Wi-Fi inashinda wazi. Raota ya chini ikiwa na betri yake ndogo ya volti 12 itaendelea, lakini adapta hazina umeme wa kutumia na chumba cha juu kinabaki bila mtandao. UPS haiponyi hili, kwa sababu adapta iliyo nyuma ya UPS haioni nyaya za nyumba. Ikiwa kazi yako ya juu haiwezi kusubiri umeme urudi, njia ni kebo ya mtandao iliyopitishwa kwenye ngazi au tundu la bomba lililopo tayari, na raota zote mbili ziwe na betri zao.