Banda la kuku lililo tayari kutoka karakana ya kando ya Barabara ya Morogoro: tathmini baada ya masika mbili

Mwezi Oktoba mwaka juzi nilinunua banda la kuku lililo tayari katika karakana moja ya mbao iliyo kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Mbezi na Kibaha, nikalipeleka nyumbani kwangu Kibaha ambako nafuga kuku wa kienyeji uani. Tangu siku hiyo limepitia vuli mbili, masika mbili na miezi ya joto kali iliyo katikati, nami naona muda huo unatosha kulitolea maoni ya haki. Wenye karakana hii wanaijua mbao vizuri sana, lakini kuku hawajamjua kwa kiwango hicho, na mnunuzi asiyejua kuuliza atalipia tofauti hiyo baadaye, kama nilivyolipa mimi.

Banda lenyewe lina upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, na limeinuliwa juu ya miguu sita yenye kimo cha sentimita 60. Fremu ni ya mbao za paini za inchi mbili kwa mbili zilizotiwa dawa, kuta ni za mbao za inchi moja kwa sita, na paa ni bati la geji 30. Sakafu ni fito za mbao zilizoachiwa nafasi ya inchi moja ili kinyesi kidondoke chini. Ndani mna vichanja viwili vya kulalia na viota vinne vya kutagia. Nililipa shilingi 780,000, na kirikuu kilichonifikishia mzigo kilitoza shilingi 45,000.

Katika useremala sina lawama. Maungio ya fremu yamechongwa yakaingiana kabla ya kupigwa misumari, na mpaka leo hakuna mguu uliolegea ingawa tumelihamisha banda mara mbili. Dawa ya mbao ni ya kweli. Udongo wetu wa kichanga una mchwa wengi, na paini isiyotiwa dawa huwa chakula chao. Nguzo za uzio wangu wa zamani ziliisha ndani ya mwaka mmoja, ilhali miguu ya banda hili haijaguswa. Ninayataja haya mapema kwa sababu yote nitakayoyalalamikia yanarekebishika, na banda lenye fremu mbovu halirekebishiki.

Tatizo kubwa ni hewa. Kuta tatu zilikuwa zimezibwa kwa mbao kuanzia sakafuni hadi karibu na paa, na sehemu iliyoachwa wazi kwa wavu juu yake ilikuwa na kina cha sentimita 15 tu. Nilipomuuliza fundi sababu, alinieleza kwa uwazi kwamba umbo hilo alilipata kwenye picha za simu, na picha hizo ni za mabanda ya nchi za baridi. Huko mfugaji anahangaika kuwakinga kuku na upepo wa majira ya theluji. Sisi wa Pwani tunahangaika kuwaokoa na joto. Kuku hana jasho. Joto likizidi, njia zake za kujipoza ni kuhema akiwa ameachama mdomo na kutanua mabawa yaachane na mwili, na njia hizo husaidia tu ikiwa hewa inayomzunguka inatembea. Mwezi Januari wa kwanza niliwakuta wamefanya hivyo hata saa mbili za usiku, wakati nje palikuwa na upepo mzuri.

Hewa iliyosimama ina madhara ya pili ambayo wengi huyagundua kwa kuchelewa. Kinyesi kikikaa na unyevu hutoa amonia, ile harufu kali inayowasha macho, na hewa hiyo huumiza macho na njia za pumzi za kuku, wakawa wepesi kushikwa na mafua na kukoroma. Kipimo changu ni rahisi, nacho nampendekezea kila mwenye banda: alfajiri, kabla ya kufungua milango yote, chuchumaa uingize kichwa hadi usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi mara tatu. Ukisikia macho yanawasha, ujue kuku wako wamelala usiku kucha ndani ya hali hiyo. Banda langu lilishindwa kipimo hiki katika wiki ya tatu.

Nilimpelekea fundi maelezo hayo, na karakana ikatuma vijana wawili waje kukata kuta mbili ndefu kuanzia sentimita 60 juu ya sakafu, wakaweka wavu mahali pa mbao. Sehemu ya chini iliyobaki imezibwa inawakinga kuku waliokaa sakafuni na upepo wa moja kwa moja na mvua ya kurashia, na hewa yenye joto inatoka juu yao. Kwa siku za mvua nyingi nimeshona mapazia ya viroba yanayoning'inia kutoka juu, nikiyakunja asubuhi na kuyashusha mawingu yakitanda. Kazi hiyo ilinigharimu shilingi 55,000, na ndiyo pesa niliyoitumia kwa faida kuliko zote.

Jambo la pili ni idadi. Tangazo la karakana linasema banda ni la kuku 30, nami nawaomba wauzaji walifute. Futi 4 kwa 8 ni takriban mita za mraba 2.97, na kuku wakubwa wa kienyeji wanahitaji mita moja ya mraba kwa kila watano au sita, kwa hiyo wanaotosha ni kati ya 14 na 17. Kuku mmoja anahitaji sentimita 20 hadi 25 za kichanja. Vichanja viwili vya mita 2.2 vinatosha wasiozidi 22. Kiota kimoja kinahudumia mitetea wanne au watano, hivyo viota vinne ni vya kuku 20. Ukilipima banda kwa upande wowote, thelathini hawamo. Mimi nilianza na 28 kwa kuliamini tangazo, na ndani ya miezi miwili wakaanza kudonoana mkiani na kula mayai. Nilipouza 12, ugomvi ukaisha bila dawa yoyote. Viota pia vilikuwa na upana wa sentimita 25, ambao ni mdogo kwa kuku mwenye asili ya kuchi (kuku wa kienyeji wa umbo kubwa), kwa kuwa hawezi kugeuka bila kukanyaga mayai. Kiota cha sentimita 30 kwa 30, chenye kimo cha 35, kinawafaa wote.

Wavu ndio ulioniumiza moyo. Banda lilikuja na wavu mwembamba wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, uliobanwa kwa pini ndogo. Wavu huo kazi yake ni kumzuia kuku asitoke, na hauna nguvu ya kumzuia mnyama anayetaka kuingia. Usiku mmoja wa Februari kicheche aliuchana kwenye kona ambako pini zilikuwa zimeachana, akaua mitetea watatu waliokuwa wamebakiza siku chache waanze kutaga. Mtu aliyewalea tangu wakiwa vifaranga, akawachanja dhidi ya ugonjwa wa mdondo kwa tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, anajua uchungu wa kuwakuta asubuhi wametapakaa. Tangu hapo nimeubadilisha wote, nikaweka wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, na kingo zake zimekandamizwa kwa vipande vya mbao badala ya pini. Gharama yake ilikuwa shilingi 70,000. Nguchiro, paka na kenge wote wanafika uani kwetu, nami nimeona alama za makucha kwenye mbao, lakini hakuna aliyeingia tena.

Usafi nao ulihitaji marekebisho. Mlango wa asili ni mmoja, wa upande mfupi, na mtu mzima hafiki pembe za mbali hata akinyoosha mkono wake wote. Karakana ilifanya upande wa nyuma ufunguke wote kwa bawaba kwa shilingi 35,000, na sasa kufagia kunachukua dakika kumi. Mlango huo unarahisisha pia kuwakamata kuku usiku kwa ajili ya chanjo, wakiwa wametulia vichanjani. Sakafu ya fito inafaa kwa wakubwa, kwani kinyesi huanguka chini nami hukikusanya kwa ajili ya mchicha. Kwa makoo yenye vifaranga haifai: miguu midogo hunasa, na baridi ya alfajiri hupanda kutoka chini. Upande mmoja nimetandika plaiwudi na maranda ya sentimita 7, na hapo ndipo wanapokaa mpaka vifaranga wapate manyoya.

Mengine nimeyafanya mwenyewe, na nadhani karakana ingeweza kuyatoa kwa nyongeza ndogo ya bei. Juu ya bati nimelaza makuti, kwa sababu bati tupu la geji 30 huwaka saa saba mchana; nimeyaweka juu na si chini, maana makuti ya ndani ni makao ya panya na utitiri. Kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu, na sababu ni siafu. Wakati wa masika hutoka kwa jeshi, na kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Vifaranga wanaweza kuliwa wakiwa hai katika usiku mmoja. Makopo hayo ni lazima yafunikwe na kipande cha bati kinachovalishwa mguuni, la sivyo maji ya mvua huyajaza na oili humwagika. Nyufa za kuta nimezijaza chokaa, maana utitiri hujificha humo mchana na kutoka usiku kunyonya damu.

Karakana haimshauri mteja jinsi ya kulisimamisha banda, na hilo ni pungufu la huduma. Mimi nimelielekeza urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa njia hiyo jua la asubuhi na la alasiri hupiga kuta mbili fupi tu, na kuta ndefu zenye wavu hupokea upepo wa kaskazi kuanzia Novemba na wa kusi kuanzia Aprili. Mapazia ya upande wa kusini ndiyo yanayohitaji kuwa mazito zaidi, kwa kuwa mvua za masika huja kutoka huko.

Kwa jumla nimetumia shilingi 985,000, bila kuhesabu makuti na oili. Fundi mkuu alinisikiliza kila nilipokwenda, hakunijibu vibaya hata mara moja, na kazi ya kuta aliisimamia mwenyewe. Upande wa muda hawaaminiki: banda niliahidiwa baada ya siku tatu likafika siku ya 11, na vijana wa marekebisho walikuja baada ya simu nne.

Banda la pili nimeliagiza hapo hapo, la futi 6 kwa 8, nikampelekea fundi mchoro wenye vipimo vyote: kuta wazi kuanzia sentimita 60, wavu wa nusu inchi, viota sita, upande wa nyuma wa bawaba na upenu wa sentimita 70 pande zote. Amenitajia shilingi 1,150,000, na mchoro ameniomba abaki nao ili awaonyeshe wateja wengine. Anayetaka la kwake liwe tayari kabla ya mvua za Machi aagize mapema Januari, na siku ya kulipa malipo ya awali aende na futikamba aupime wavu na viota kwa mkono wake.